Mali ya Nani? Mchoraji wa Kanga na wa Bango Katika Uhakiki Wetu

Makala haya yanakusudia kuhoji zoea moja la uhakiki wetu hapa Mlimani. Tumezoea kuichukua kanga, kulisoma jina lake, kulichambua kwa fani na maudhui kama tunavyochambua methali au shairi, kisha tunamaliza kwa kusema kwamba michoro yake "inaupamba ujumbe". Bango la dukani ndilo kabisa hatuligusi, isipokuwa anayetafuta makosa ya tahajia ya kuchekea. Katika yote mawili, mtu aliyeshika penseli hatajwi. Nitadai kwamba kumwacha nje si kumkosea adabu tu, bali kunatufanya tusome vibaya. Nami nitaanza na makosa yangu mwenyewe, maana hayo ndiyo ninayoyajua vizuri.

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika insha ya semina juu ya kanga ya mama yangu mdogo, mkazi wa Gerezani. Kanga hiyo ina korosho kubwa nne katika mji, korosho ndogondogo zimezunguka pindo, na jina lake ni "Japo sipati tamaa sikati". Nikaandika kwa ujasiri wote kwamba korosho ni zao la biashara, kwamba msanii anamchora mkulima wa Mtwara na Lindi anayengoja malipo yasiyofika, na kwamba tamaa isiyokatwa ni tamaa ya tabaka zima. Ilikuwa insha ya kimapinduzi kweli kweli. Kwenye semina mwalimu aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliyechora alikuambia hivyo?" Darasa likacheka. Mimi nikajibu, kama tulivyofundishwa, kwamba kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa msanii inajisemea yenyewe. Mwalimu akasema sawa, lakini akaniuliza tena aliyechora ni nani. Hapo nikanyamaza.

Wiki chache baadaye nilikuwa Mtaa wa Uhuru, pale maduka ya kanga yalipopangana, nikaiona kanga ileile. Korosho zilezile nne, pindo lilelile. Jina lilikuwa "Wema hauozi". Nikamuuliza muuzaji kama wamekosea. Akanitazama kwa huruma. "Mchoro ukipendwa unarudi, mwanangu. Jina linabadilishwa tu."

Basi nadharia yangu yote ikaporomoka kwa doti moja. Kama mchoro uleule unaweza kubeba tamaa leo na wema kesho, basi haukuchorwa kulieleza jina. Kuna aliyeuchora akiwa na mambo mengine kichwani. Tena hata ile korosho si korosho. Umbo lile lilikuwa kwenye shali za Kashmir kabla halijafika kwetu, na katika karne ya 19 wafumaji wa mji wa Paisley kule Scotland waliliiga hadi Waingereza wakaliita kwa jina la mji huo. Waliolipa jina la korosho ni wavaaji wa pwani yetu, waliotazama nguo wakaona kitu wanachokijua. (Huu nao ni ubunifu, na ni mada ya insha nyingine. Atakayeiandika anitafute.)

Turudi nyuma kidogo katika historia, maana ndiko zoea letu lilikoanzia. Tangu miaka ya 1880 viwanda vya Uholanzi, kama kile cha Van Vlissingen cha mji wa Helmond, vilikuwa vikichapa kanga za soko la Zanzibar na mwambao. Baadaye zikachapwa Uingereza, India na Japani, na baada ya Uhuru tukawa na viwanda vyetu, kikiwamo Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Katika zama zile za Helmond mfanyabiashara wa hapa ndiye aliyejua wanawake wa mjini wanataka nini msimu huu. Alipeleka maelezo, vipande vya nguo na maneno kwa meli, na huko mbali mchoraji wa kiwanda, ambaye pengine hakuwahi kumwona mwanamke aliyejitanda kanga, aliyageuza maelezo hayo kuwa mji na pindo. Maneno yenyewe, awali kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, aliyachora kama picha, maana hakuyaelewa. Kwake yeye jina la kanga lilikuwa mstari mwingine wa maua.

Mjini Mombasa wako akina Kaderdina Hajee Essak, ambao biashara yao ilianza mwaka 1887. Kanga zao zinajulikana pwani nzima, na kila moja ina maandishi madogo karibu na jina: K.H.E., Mali ya Abdulla. Nimeyaona maandishi hayo tangu utotoni bila kuyasoma. Sasa ninayasoma. Katika kitabu, mahali kama hapo pangekuwa na jina la mwandishi. Kwenye kanga pana jina la mwenye mali. Simlaumu mwenye mali, kwa sababu alama hiyo ilimlinda na walanguzi wa miundo, na mnunuzi alijua kwamba anapata nguo halisi. Lakini sisi wahakiki, ambao hatuuzi nguo, mbona tumeukubali utaratibu huo bila kuuliza?

Tungeuliza, tungeona kwamba fani ya kanga inaanza na masharti ya kazi. Nguo ina upana wa mita moja na kidogo na urefu wa kama mita moja na nusu. Pindo lazima lizunguke pande zote nne na pembe zake zikutane bila kuachana. Jina lazima lisomeke katika kisanduku chake juu ya pindo la chini. Halafu kila rangi inachapwa kwa chombo chake: zamani kibao cha mti kilichochongwa, siku hizi skrini. Rangi ikiongezeka, gharama imeongezeka. Ndiyo maana mchoraji hakai akatamani rangi kumi na mbili. Anapewa tatu au nne, na anatakiwa afanye macho yadhani ni nyingi. Kisutu cha harusi kina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na nyeupe yenyewe si rangi bali ni nguo iliyoachwa wazi. Mtu anayesema michoro ya kisutu ni "sahili" angejaribu kwanza kuijaza nguo hiyo kwa rangi mbili bila kumchosha mtazamaji. Tunajua kumsifu mshairi anayetosheleza wazo katika mizani kumi na sita, na mchoraji wa kisutu anastahili sikio hilohilo.

Sasa nije kwenye suala la chimbuko. Kila aliyepita kozi ya nadharia anazikumbuka kambi mbili. Wadhanifu wanasema msanii hushukiwa. Plato, katika mazungumzo yake na Ion, anasema kwa kinywa cha Sokrate kwamba mshairi hatungi kwa ufundi bali kwa kupagawa, kama pete za chuma zinazoning'inia kwenye sumaku. Wayakinifu wanasema sanaa hutokana na kazi na mazingira ya mwanadamu. Kwenye mtihani sote tunajibu kwamba wayakinifu ndio wenye haki, tunapata alama, tunakwenda zetu kula. Lakini tukiulizwa bango la duka la vipuri limetoka wapi, tunafanya kama limeshuka lenyewe kutoka mbinguni. Huo ni udhanifu mbaya kuliko wa Plato, maana yeye angalau alimtaja aliyeshukiwa.

Ili nisiendelee kubishana na vitabu peke yake, nilipanda basi la mwendokasi hadi Gerezani, nikamtafuta mzee mmoja anayechora mabango kwa mkono, kazi ambayo sasa wanaoifanya wamepungua sana. Anakaa nyuma ya maduka ya vipuri, kelele za wachomeleaji zikimzunguka pande zote. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umeleta kazi?"

"Hapana, fundi. Nimekuja kuuliza tu."

"Basi uliza huku umeshika hiki." Akanipa ncha ya uzi uliopakwa chaki. Uzi huo unavutwa ukaze juu ya ubao, unaachiwa, unapiga, na mstari mnyoofu unabaki. Kumbe unahitaji watu wawili, na kijana wake siku hiyo hakuwepo.

Bango lilikuwa la VIPURI VYA PIKIPIKI. Aliandika maneno hayo kwanza kwenye gamba la sigara, akayahesabu kwa kalamu: herufi kumi na saba, na nafasi mbili, jumla kumi na tisa. Kwa hesabu, katikati ni ya kumi, yaani A ya VYA. Nilidhani ataanzia hapo. Hakuanzia hapo. Akanionyesha kwamba kuna I sita, na nne kati ya hizo ziko upande wa kulia, kwenye PIKIPIKI. "I ni nyembamba. Inakula nusu. Ukiweka A katikati, kushoto kutabanana na kulia kutabaki uwazi kama pengo la jino." Kwa hiyo akaweka alama ya katikati kati ya Y na A, akaanza kugawa kwenda pande zote mbili kwa chaki.

Nilishtuka, maana nilikuwa namwona mtu anahesabu mizani. Kwa mshairi i na ma ni mizani moja moja, hakuna mkubwa. Kwa fundi wa Gerezani herufi zina uzito tofauti, na mizani yake hupimwa kwa jicho. Vina pia anavyo. K mbili za PIKIPIKI alizichora kwa mguu uleule ulioinuka kidogo, na V mbili zikafuatana kwa mkato mmoja. Ukiulizwa muundo na mtindo wa bango lile unaweza kujaza karatasi tatu bila kuligusa neno "vipuri".

Nikaona wakati umefika. "Na mzuka, fundi? Unakujaje?"

"Mzuka?" Hakugeuka. "Mwenye duka anakuja saa kumi."

Jibu hilo lingempendeza sana myakinifu, na mimi nilikuwa tayari nimeanza kuliandika kwenye daftari. Lakini alipomaliza herufi zote kwa nyekundu, alirudi nyuma hatua nne tano, akakunja uso, akaenda kwenye makopo, akachanganya bluu na tina kidogo, akaanza kuipa kila herufi kivuli upande wa chini kulia. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima.

"Hiyo bluu mwenyewe ameomba?"

"Hajaomba."

"Atalipia?"

"Wapi! Ila bila hii ubao umelala."

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na kambi zote mbili. Kodi, saa kumi, ukubwa wa ubao na makopo yaliyobaki vinaeleza nusu ya bango. Nusu nyingine ni ile saa moja ambayo hakuna aliyeilipia. Haikushuka kutoka mbinguni: ilitoka kwa mtu aliyechora mabango kwa miaka mingi mpaka jicho lake likakataa ubao uliolala. Mimi naona hiyo ndiyo ilhamu, kama tunalitaka neno hilo. Na huwezi kuiona kama hukujua kwanza kazi ya lazima iliishia wapi.

Siku ya pili nilikaa katika chumba cha dizaini na uchapaji, mwendo mfupi kutoka hapo, ukielekea Mtaa wa Msimbazi. Vijana watatu, kompyuta mbili, plota moja, feni isiyozunguka. Programu zao ni Photoshop na CorelDRAW. Sitaki kusema kwamba mashine imeua sanaa, wimbo huo tumeuchoka. Kijana niliyekaa naye ana jicho kali. Alinionyesha jinsi anavyosogeza herufi mojamoja kwa sababu kompyuta inaziacha na mapengo mabaya, na mimi nikamkumbuka mzee na I zake. Kilichobadilika ni mahali mteja anapokaa. Zamani alikwenda zake akarudi saa kumi. Siku hizi amesimama nyuma ya kiti. Anatoa simu, anaonyesha picha ya bango la jirani: "Nifanyie kama hili, ila jina langu." Kisha: jina liwe kubwa zaidi. Namba ya simu nayo iwe kubwa. Weka na picha ya gari. Weka na bendera. Mbona rangi haijang'aa? Kufikia mwisho hakuna kidogo tena, kila kitu ni kikubwa, na bango linapiga kelele kama mtaa wenyewe.

Lakini lililonigusa lilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilitaja bei ya kuchapa kwa mita ya mraba, na chini yake: DIZAINI BURE. Nikamuuliza kijana kama anajisikiaje kuandika tangazo hilo. Akasema yeye ndiye aliyelichora, tena bosi alimrudisha mara mbili kwa sababu neno BURE halikuonekana vizuri. Aliposema hivyo alicheka, mimi sikujua kama nicheke. Mteja analipia wino na turubai. Ile saa ya kufikiri imehesabiwa kuwa sifuri, kwa maandishi, na aliyeiandika sifuri hiyo ni mwenyewe. Wanaotafuta mfano wa ukinzani kwa ajili ya semina waende wakausome mlango ule.

Najua pingamizi litakalotolewa, maana nimeshalisikia bwenini. Wenzangu wanasema kanga na bango ni kama fasihi simulizi: ni mali ya jamii, methali haina mwandishi, na kutafuta jina la mchoraji ni kuleta ubinafsi wa kibwanyenye mahali pasipouhitaji. Hoja hii ina uzito, na kwa jina la kanga ninaikubali, kwani mara nyingi jina huokotwa mdomoni mwa watu na kurudi mdomoni mwa watu. Kwa mchoro siikubali. Hakuna aliyekuwa akilipwa kwa kila methali anayoitoa, wala aliyefukuzwa kazi kwa kuitoa vibaya. Mchoro wa kanga uliagizwa, ulipangiwa siku, ulikataliwa, ulirekebishwa, ulilipiwa, na mapato ya kuchapwa upya kwa jina jingine yalikwenda kwa mtu fulani. Ukiuita mali ya jamii wakati una mwenye mali aliyeandikwa kwenye pindo, umeificha ajira ndani ya neno zuri. Kuanzia mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayomtambua mwenye kazi ya uchoraji sawasawa na mwandishi wa riwaya. Uhakiki wetu bado haujafika hapo.

Wapo waliofanikiwa kuonekana, na inafaa tuone walipitia mlango gani. Christian Gregory alijulikana kwa sababu Chakubanga wake alitoka gazetini, katika Uhuru, na gazeti lina desturi ya kutia jina. Watu walimpenda hata neno "chakubanga" likawa kwa wengi ndilo jina la katuni yoyote. Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi ya mafuta ya kopo, jamaa na ile ya fundi wetu wa Gerezani, juu ya vipande vya ubao laini vya mraba. Yeye aliviuza kama picha, kwa wageni wa Oyster Bay, akatia jina lake. Alifariki mwaka 1972 na jina hilo likawa la mtindo mzima. Rangi ilikuwa moja. Aliyeining'iniza ukutani amekuwa msanii, aliyeipigilia juu ya mlango wa duka amebaki fundi. Hata soko la Kariakoo, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021, tunamjua msanifu wake, Beda Amuli. Mabango yaliyolizunguka soko hilo kwa miongo yote hiyo hayana mtu.

Na kuna nembo ya taifa. Sote tumeiona tangu darasa la kwanza: bibi na bwana wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro, karafuu na pamba ziko miguuni, ngao katikati, Uhuru na Umoja chini. Imo kwenye vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mwezi Mei 2017 waandishi wa habari walimpata Buguruni mzee Francis Maige Kanyasu, aliyeitwa Ngosha, mgonjwa na maskini, aliyesema kwamba yeye alishiriki kuichora. Akapelekwa hospitali, nchi nzima ikamzungumzia, na kabla mwezi huo haujaisha akafariki Muhimbili. Mjadala ukazuka papo hapo, kwani wapo waliomtaja mtu mwingine. Mimi siingii katika mabishano hayo. Nasema kama mwanafunzi wa uhakiki tu: maandishi na michoro inayotazamwa kuliko yote nchini mwetu ilikuwa mbele yetu kwa zaidi ya miaka hamsini, na swali la mchoraji wake liliulizwa kwa sauti siku ambazo mzee mmoja alikuwa amebakiza wiki chache za kuishi. Tungekuwa tumezoea kuliuliza darasani, kumbukumbu za kulijibu zingekuwa zimekusanywa mapema, wakati waliohusika bado wana nguvu za kusimulia.

Kanga ya korosho bado ninayo, mama mdogo ameniachia. Insha ile ilipata B+, na nikiisoma leo naona aya moja tu inayosimama, ile niliyoelezea jinsi korosho za pembeni zinavyokutana kwenye kona bila kukatwa. Niliiandika kwa haraka ili kujaza ukurasa. Kwa mzee wa Gerezani nilirudi Jumamosi iliyopita kumwonyesha nguo yenyewe. Aliikunjua juu ya ubao, akakaa na ile kona muda mrefu, akaipima kwa vidole. "Huyu alihesabu," akasema, kisha akaniuliza kama nimekuja na kazi.